Safari za Siku Moja Kando ya Ziwa

Leo nataka kusema nanyi habari ya matembezi. Sisi tukaao Buhongwa, katika njia kuu itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, twaweza kwenda wapi asubuhi tukarudi jioni, au tukalala usiku mmoja tu, tukapata furaha na maarifa bila kumaliza fedha ya mwezi?

Huenda wengine mtasema, matembezi ni kazi ya wageni wenye kamera shingoni. Nami nalidhani hivyo zamani. Lakini siku moja nilikwenda katika shule moja ya msingi kuwatazama wanafunzi wangu wa ualimu wakifanya mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa Jiografia. Mtoto mmoja wa darasa la tano aliitwa ubaoni, akachora Ziwa Viktoria vizuri sana, akatia Ghuba ya Speke na visiwa vya Ukerewe na Ukara, akaandika na ukubwa wake, kilometa za mraba 68,800. Nikampongeza, kisha nikamwuliza, “Maji yake yana ladha gani?” Akafikiri kidogo, akajibu, “Ya chumvi, mwalimu, kama bahari.” Wenzake hawakucheka, maana nao hawakujua. Mtoto yule alizaliwa papa hapa. Kutoka kwao mpaka ukingoni mwa ziwa si mwendo wa nusu siku kwa miguu, naye hakupata kufika hata mara moja.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa safari fupi, na hizi nitakazowaambia nimezifanya mwenyewe, nyingine zaidi ya mara moja.

Mtu akiniuliza aanze wapi, namwambia aanze Bujora. Ni safari ya nchi kavu, haina hofu. Unakwenda mpaka Igoma, unashika njia ya Musoma, unafika Kisesa, na hapo Bujora ni karibu. Kutoka mjini Mwanza ni kilometa 20 hivi. Huko iko Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeianzisha ni Padre David Clement, mtu wa Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianza kazi yake Bujora mwaka 1952, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Utaona jengo moja lililofanywa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake mna ngoma za watemi wa Usukuma. Utaona nyumba za msonge, zana za mhunzi, vyombo vya waganga, na vitu vya vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, ambavyo vimeshindana tangu enzi za babu zetu na hata leo havijapatana.

Nawashauri msiingie Bujora bila mzee. Mwenye kuwaongoza pale anajua kazi yake, sina neno juu yake. Lakini mara ya kwanza nilikwenda peke yangu nikaona vitu tu. Mara ya pili nilimchukua mjomba wangu. Aliposimama mbele ya jembe la zamani alianza kuniambia jinsi vijana walivyokuwa wakilima shamba la mtu mmoja kwa zamu, mpiga ngoma akiwa mbele yao, na jembe likishuka pamoja na ngoma. Akauimba wimbo wao mle mle ndani. Wanafunzi wa shule nyingine waliokuwa wakipita wakasimama kumsikiliza, na yule mwongozaji naye akatoa kalamu akaandika. Tulitoka jua likikaribia kuchwa, nasi hatujamaliza nusu ya vitu.

Wenye nafasi na waende mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu iitwayo Bulabo, iambatanayo na sikukuu ya Ekaristi. Hapo Bagika na Bagalu hushindana kucheza mbele ya umati mkubwa, na wengine hucheza na nyoka mkononi. Chukua kofia na maji ya kunywa, na uwashike watoto, kwa maana watu huwa wengi mno. Isitoshe, Juni mvua imekwisha na njia hazina tope.

Mkiwa njiani kurudi, nawasihi mteremke Igoma. Hapo yako makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba. Meli ile ilizama asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, ilipokuwa imekwisha karibia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na meli ilikuwa imechukua watu kupita kiasi chake. Wengine watasema makaburi si mahali pa matembezi. Mimi nasema, mtu ambaye kesho atapanda mashua, leo na apite Igoma.

Hapa hapana budi niwaambieni jambo lililonipata. Baada ya habari ya yule mtoto na maji ya chumvi, mwalimu wake na mimi tuliafikiana tuwapeleke watoto kumi na wanane ziwani, tena wavuke kwa mashua mpaka kisiwa kimoja kidogo cha wavuvi. Tulikusanya fedha mwezi mzima. Tukafika mwaloni mapema, watoto wamevaa sare, furaha tele. Mwenye mashua akatupokea vizuri, tukapanda, tukaketi. Lakini hakuondoka. Akaita abiria wengine. Wakaingia akina mama na ndoo zao, kisha magunia ya mahindi, kisha pikipiki moja, kisha watu wengine tena. Maji yakawa karibu na ukingo wa mashua. Majaketi okozi yalikuwa sita, mengine yamechanika. Nami nilinyamaza. Niliona haya kuonekana mwoga mbele ya watoto, na nauli ilikuwa imekwisha lipwa.

Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa pale mchangani akanyoosha mgongo, akanitazama, akasema, “Mwalimu, watoto hawa umewaazima kwa nani?”

Nikasema, “Kwa wazazi wao, mama.”

Akasema, “Haya,” akarudia dagaa wake.

Nikawashusha watoto wote kumi na wanane. Mwenye mashua akakasirika, wala hakuturudishia nauli. Watoto wengine walilia. Ile mashua ikaenda, nayo ikafika salama. Kwa kweli jioni tuliiona ikirudi. Mwanafunzi wangu mmoja wa chuo aliyekuwa pamoja nasi hunitania hata leo kwa fedha ile niliyoitupa majini. Na anitanie. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikikaribia gati, watu wakikiona kutoka nchi kavu, nacho kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Wakafa watu zaidi ya 200. Naamini miongoni mwao walikuwamo walioona kwamba chombo kimejaa, wakaona haya kushuka kama nilivyokuwa nimeona haya mimi.

Siku yetu ile haikuharibika. Tulibaki mwaloni. Mama yule akawaonyesha watoto jinsi dagaa wanavyoanikwa na kugeuzwa, akawaeleza kwamba wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi hupumzika, kwa kuwa mwezi huishinda taa. Fundi mmoja alikuwa akitengeneza mtumbwi, akiziba nafasi za mbao kwa pamba; akawaacha washike nyundo. Tulipokuwa tukila mihogo yetu chini ya mti, yule mtoto wa ramani akaniuliza, “Mwalimu, maji haya ndiyo yanayokuja bombani?” Nikamwambia, ndiyo, yakisha kusafishwa. Akasema, “Basi si ya chumvi.”

Kwa wenye watoto wanaotamani kupanda chombo, mahali pazuri ni kisiwa cha Saanane. Kiko karibu sana na mji. Boti huondoka upande wa Capri Point, na safari ya majini ni ya dakika chache. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akikaa huko, akilima na kuvua samaki. Mwaka 1964 palifanywa mahali pa kuwekea wanyama, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo, ukihesabu na maji yake haifiki hata kilometa za mraba 3, lakini yatosha kwa siku moja. Swala pala wako, pimbi wako juu ya mawe wakiota jua, kenge na mamba wako, na ndege wa maji wengi. Pandeni juu ya majabali mtazame mji wa Mwanza ng'ambo: nyumba zimepanda milimani kati ya mawe makubwa, na mtu hujiuliza waliobeba matofali walipita wapi. Msiwape pimbi mikate. Wageni wanaofanya hivyo huwafundisha wizi.

Sasa safari ya kulala. Ukerewe si ya siku moja. Anayekwenda na kurudi siku ile ile ataona gati tu. Panda meli Mwanza kwenda Nansio, ni mwendo wa saa tatu au nne, ulale usiku mmoja au miwili. Anayeogopa maji mengi aweza kuzunguka kwa njia ya Bunda mpaka Kisorya, kisha akavuka sehemu nyembamba kwa kivuko mpaka Rugezi. Machungwa ya Ukerewe ni matamu, na watu wake wana adabu ya mazungumzo. Walimu na wanafunzi hasa yafaa waende kwa heshima ya Aniceti Kitereza, mzaliwa wa kisiwa kile, aliyemaliza kuandika kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980 tu, miaka 35 baadaye. Naye akafa mwaka uliofuata. Somo la uvumilivu kwa waandishi kama hilo sijui jingine. Kisomeni kabla ya kwenda, hata kurasa chache, nanyi mtayaona mashamba, mitumbwi na mapishi ya kule kwa macho mengine.

Safari iliyo mpya kuliko zote ni ile ya daraja. Sote twakumbuka Kigongo: unapita Usagara, unateremka mpaka majini, halafu unangoja kivuko. Nimengoja pale saa mbili, na siku nyingine zaidi, pamoja na malori ya ng'ombe na wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa hospitali Mwanza. Mwezi wa Juni mwaka 2025 daraja la kuvuka kutoka Kigongo mpaka Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilometa 3 na ziada, na sasa ni dakika chache tu uko upande wa Sengerema. Twashukuru. Hata hivyo, nasikitika kidogo kwa ajili ya akina mama waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga pale gatini. Sikupata kula sato mzuri kama wa Kigongo, labda kwa sababu ya njaa ya kungoja. Nendeni mchana kweupe, mtazame maji pande zote mbili, mle Sengerema, mrudi.

Kabla sijaaga, neno moja la afya. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wakaao penye majani na maji yaliyotulia pwani, navyo huingia mwilini kwa ngozi tu, hata bila mtu kunywa maji. Kwa hiyo msiwaache watoto waoge wala wachezee maji penye matete, ijapokuwa wenyeji waoga hapo. Aliyekwisha kuoga na apimwe zahanati. Dawa yake ipo. Mamba nao hupenda mahali hapo hapo. Tena, safari za majini zifanyeni asubuhi, kwa maana mara nyingi upepo huzidi mchana. Hesabuni majaketi okozi kabla ya kulipa nauli, wala si baada yake kama nilivyofanya mimi.

Jumamosi ijayo wanafunzi wangu wanakwenda Bujora. Tutaondoka kituo cha Buhongwa saa moja asubuhi. Mjomba wangu amekubali kuja tena, ila ameomba apewe kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yake. Aliye karibu akitaka kufuatana nasi, na aje na chakula chake na nauli yake, na kama ana babu au bibi ajuaye nyimbo za zamani, amlete.

Kwaherini.