Ng'ombe Wanne Uani



Karibu na kwangu kuna geti lililoandikwa kwa chaki: "Barafu zipo. Gonga." Ukigonga, hutoka mtoto na ndoo ya barafu za ubuyu. Ndani kuna friza moja, na nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, mama mwenye nyumba ana cherehani mbili na binti anayemsaidia. Hati ya kiwanja hicho, ambayo mwenyewe alinionyesha, inataja matumizi kwa neno moja: makazi. Ukilisoma neno hilo kwa ukali, mtoto na ndoo yake wanakiuka masharti ya umiliki, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inaruhusu haki ya kumiliki ardhi ifutwe kwa kosa la namna hiyo. Sijaona hati iliyofutwa kwa ajili ya barafu za ubuyu. Nilichoona ni mgambo akisimama getini, akizungumza kwa sauti ya chini, kisha "wakaelewana". Huko kuelewana ndiko kulikonileta hapa leo.

Wanafunzi wangu huingia darasani wakiamini kwamba mstari kati ya kulala na kuchuma ulichorwa ili kumkinga mkazi na moshi wa kiwanda. Ulaya, kwa kiasi fulani, ni kweli. Frankfurt iliugawa mji mzima kwa kanda mwaka 1891, viwanda upande huu, nyumba za wenye nafasi upande ule. Mwaka huohuo 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam. Kiwanda cha kumkinga mtu nacho hakikuwepo. Kilichotenganishwa ni aina za nyumba, na kwa hiyo aina za watu. Waingereza wakaja kuweka kanda tatu, ambazo mji ukaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati.

Tazameni kila kanda iliruhusiwa nini. Uhindini, duka chini na familia juu lilikuwa jambo la kawaida lililoandikwa katika kanuni. Uswahilini, nyumba ya vyumba sita na korido katikati ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, na sehemu zote mbili zilikuwa za kazi: barazani mtu anashona au anauza kahawa, uani anapika vitumbua au anasuka mkeka. Ni Uzunguni tu ambako nyumba ilitakiwa iwe ya kukaa basi, kwa sababu aliyekaa humo mshahara wake ulitoka ofisini na chakula chake kilipikwa na mtu aliyerudi kulala Kariakoo. Majina ya rangi yalikuja kufutwa, yakawekwa msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Lile wazo la nyumba isiyofanya kazi, hata baada ya Uhuru, hatukulifuta. Tulilichukua tukalibandika kwenye hati za watu wote.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Walio na mvi humu ukumbini hawahitaji kusimuliwa: sukari ya foleni, sabuni ya kibali, mshahara unaokwisha kabla ya tarehe kumi. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi ilikuwa ikiwasomba mitaani walioitwa wazururaji, na wakati huohuo walimu, wauguzi na makatibu muhtasi, wake kwa waume, walikuwa na "miradi" nyumbani: kuku wa mayai, maandazi, batiki, ng'ombe wa maziwa. Hata profesa wa chuo kikuu alijulikana kwa trei zake za mayai. (Sitamtaja, wengine mlinunua kwake.) Mtafiti Aili Mari Tripp ameeleza vizuri jinsi jiji zima lilivyobadilisha sheria kwa kuzipuuza.

Serikali ilifanya nini na ng'ombe hao? Hapa ndipo ninapoipenda historia yetu ya sheria. Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 hazikuuliza kama kufuga ni makazi au ni biashara. Ziliuliza wangapi. Ng'ombe wasizidi wanne, na wafugwe ndani. Shamba la mjini lisizidi ekari tatu. Unaweza kubishana na idadi hiyo, na mwenye kunusa samadi ya jirani anayo haki ya kubishana, lakini aliyeandika alifahamu jambo ambalo hati za viwanja hadi leo hazifahamu: kinachomuumiza jirani si jina la shughuli, ni kiasi chake.

Kwa cherehani na friza hatuna ng'ombe wanne wetu. Tuna njia mbili tu: kukaa kimya, au kuomba kubadili matumizi ya ardhi. Kubadili kuna maombi, ada, mchoro, kusubiri, na mwishoni kodi ya ardhi ya kiwango cha biashara. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu anayebomoa nyumba ajenge hoteli. Ndiyo maana wenye fedha wa Masaki na Oysterbay huipita na kugeuza nyumba kuwa ofisi, na mshonaji haipiti. Akienda kwa afisa biashara kutafuta leseni anaulizwa mahali pa biashara. Akisema nyumbani, faili linasimama. Na asiye na leseni hapati zabuni ya sare za shule, hata ashone vizuri vipi.

Kuna kichekesho kingine. Inakadiriwa kwamba wakazi wengi wa Dar es Salaam, takribani asilimia 70, wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Huko hakuna mchoro wa kukiuka. Kwa hiyo sharti linamwangukia aliyetii, aliyepimiwa kiwanja na kulipa.

Japani, katika kanda yao ya makazi yenye masharti makali kuliko zote, mtu anaweza kuwa na duka, saluni, ushonaji au mkate wa kuuza ndani ya nyumba anamoishi, mradi sehemu ya biashara isizidi mita za mraba 50 wala nusu ya nyumba. Mkate na ushonaji vina sharti la ziada: mota isizidi kilowati 0.75. Nalipenda sharti hilo la mota. Cherehani ya umeme inapita, mashine ya kusaga unga haipiti, na anayepima hahitaji kumjua mwenye nyumba wala kuelewana naye.

Msinielewe kwamba mimi ni mtetezi wa kila kitu. Niliwahi kupakana na fundi wa kuchomelea mageti. Miaka miwili sikusoma tasnifu nyumbani baada ya saa mbili asubuhi. Kuna baa za Sinza zilizoanza na kreti moja barazani. Kipimo kikiwekwa, kiwe na meno: kelele, moshi, maji machafu, magari yanayoegeshwa, saa za kazi.

Ila kuna ua mmoja wa Magomeni unaonisumbua. Nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita, majiko sita ya mkaa. Kila mpangaji peke yake yuko chini ya kipimo chochote mtakachoandika. Kwa pamoja ni soko la samaki. Zile mita za mraba 50 za Wajapani zihesabiwe kwa nani? Niliuliza. Mwenye nyumba akanipeleka uani, akanionyesha ukutani orodha iliyoandikwa kwa mkaa: vitumbua alfajiri, samaki saa nne, chipsi jioni, Ijumaa hakuna anayekaanga mpaka watu watoke msikitini. Chini yake palikuwa na mstari uliofutwa ukaandikwa tena mara kadhaa, wa zamu ya kumwaga maji ya kuoshea samaki, na huo, alisema, bado wanagombania.