Miji Mikubwa Ishauriane Juu ya Wageni Wake

(Hotuba iliyosemwa Mghange, Taita)



Nataka kusema maneno machache juu ya wageni wa mijini. Huenda mtu akauliza, "Sisi tulio juu ya milima yetu, jambo hilo latuhusu nini?" Latuhusu sana, kwa maana wageni hao ni watoto wetu. Ni nyumba ngapi hapa Mghange zisizo na mtu Mombasa, Nairobi au Voi?

Mtu aingiapo mjini hutaka chumba, kazi, shule ya watoto, na jirani wa kumwamini. Akipokewa vizuri huwa mwenyeji, naye huujenga mji. Akiachwa, hukaa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Lakini mji utazijuaje haja zake usipomwuliza?

Miji ya Afrika ya Mashariki ilianza kuuliza zamani. Mwaka 1954 Audrey Richards na wenzake wa chuo cha uchunguzi huko Makerere walitoa kitabu juu ya watu waliohamia Buganda kutafuta kazi, na jinsi walivyokaa na wenyeji. Mwaka 1957 Southall na Gutkind walieleza maisha ya mitaa ya Kampala. Dar es Salaam ilichunguzwa na Bwana Leslie mwaka 1956, na Mombasa na Bwana Wilson mwaka 1958.

Katika Kenya, kamati ya Bwana Carpenter ilionyesha mwaka 1954 kwamba mshahara wa chini wa mjini ulikuwa umepimwa kwa haja za mwanamume asiye na mke. Ikashauri upandishwe hatua kwa hatua mpaka umtoshe mtu na jamaa yake. Lifikirini jambo hilo. Kwa ajili ya hesabu hiyo, wake wangapi waliachwa walime peke yao, na watoto wangapi walimwona baba wakati wa likizo tu? Kosa la hesabu mjini huliwa kijijini.

Lakini uchunguzi wa mji mmoja hautoshi. Mtu akishindwa na kodi ya chumba Mombasa hupanda gari kwenda Nairobi, na shida yake huenda naye. Kwa hiyo yafaa miji ishauriane, kama majirani wanaotumia mfereji mmoja wa maji.

Siku hizi wageni si watu wa mashamba tu. Kampala na Nairobi zina wakimbizi wengi waliotoka Somalia, Kongo na Sudan ya Kusini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 iliwapa wakimbizi haki ya kufanya kazi, na Kenya ikatunga sheria mpya mwaka 2021. Miji hiyo miwili yaulizwa swali moja. Mbona kila mmoja ulitafutie jibu gizani peke yake? Desemba 2018, huko Marrakech katika Moroko, mameya wa miji mbalimbali ya dunia waliunda baraza lao juu ya uhamaji, na Kampala ilikuwamo. Faida ya shauri la namna hiyo ni kwamba mji hueleza lililofaulu na lililoshindikana pia, ili mwenzake asijikwae penye jiwe lile lile.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, waambieni vijana wenu wasimwogope mwenye daftari. Wengi hupunguza idadi ya watu wa chumbani, wakidhani amekuja kwa ajili ya kodi. Watu 6 wakiandikwa 2, maji na madarasa yatapimwa kwa watu 2. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pili, na mwenye daftari aulizwe: majibu haya yatakwenda wapi, nayo yatarudi kwetu lini? Achukuaye habari za watu asiwarudishie neno, amevuna shamba asilolima.

Tatu, tukumbuke kwamba sisi nasi ni wenyeji. Tangu reli ilipofika Voi katika miaka ya 1890, watu wa makabila mengi wamekaa pale. Mama wa Mghange amwombeaye mwanawe jirani mwema Mombasa, na awe yeye jirani mwema wa mtoto wa mwenziwe aliyekuja Taita. Mgeni njoo, mwenyeji apone.