Vileja vya Ukoo Wetu



Kamati imenitaka niseme juu ya vileja. Mnaokijua kisa chenyewe mmekwisha kucheka. Kwa wasiokijua: kijitabu cha mkutano wetu kilikusudiwa kiwe na ukurasa mmoja wa mapishi, na ukurasa huo ukatuletea ujumbe mwingi kutoka Muscat, Dubai, London na Toronto, kila nyumba ikidai kuwa vileja vyake ndivyo vya asili. Mmoja wetu alithubutu kuandika kuwa Unguja kwenyewe ufundi huo umekufa, na kwamba waliohama ndio waliouhifadhi. Maneno hayo yalimfikia shangazi yetu aliyebaki Kikwajuni, naye akanyamaza. Wanaomjua wanaelewa uzito wa ukimya wake.

Kileja, watoto wangu, si biskuti. Biskuti ni ya unga wa ngano, nao hushikana. Kileja ni cha unga wa mchele, ambao haushikani hata ukiubembeleza; kinachoushika ni samli, sukari na yai. Bibi yetu aliroweka mchele, akautandaza kivulini, akautwanga kinuni na kuuchekecha mara mbili. Samli na sukari alizipiga kwa kiganja mpaka zikawa nyeupe kama povu, ndipo akatia mayai, iliki, na unga kidogo kidogo. Aliokea katika sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Kileja kilichoiva vyema hakigeuki rangi ya kahawia. Hubaki cheupe, na hakiguswi mpaka kipoe, kwani kikiwa cha moto huvunjika kwa kutazamwa tu. Nyumba nzima ilinukia iliki, na sisi tuliojua Idd i karibu hatukuhitaji kuambiwa na mtu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ukoo ulitawanyika, na vileja vikatawanyika nao. Walioingia Uingereza walioka vyao kwa gesi ya kulipia kwa sarafu, kwa unga wa ngano na majarini, maana ndivyo vilivyopatikana katika duka la jirani. Vilikuwa vitamu, sikatai. Ila vilikuwa biskuti. Waliokwenda Muscat baada ya 1970, Oman ilipofungua milango yake, hawakupungukiwa na samli wala unga. Wao walizidisha maji ya waridi ya Jabal Akhdar, yenye harufu ya moshi, na leo watoto wao wakipewa kileja kisicho na moshi huuliza kimekosa nini. Siwalaumu. Kila mmoja aliokea alichonacho.

Lakini yuko aliyeokea asichonacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilipatikana Unguja kwa mgao na kwa foleni. Nilipomtembelea Shangazi, nilimwuliza miaka ile Idd ilikuwaje. Akanieleza kuwa kila alipopika wali aliondoa gao moja la mchele mkavu, akalitia katika kopo la maziwa na kulificha chini ya kitanda. Sukari aliiweka akiba kwa kunywa chai isiyo na sukari, yeye na mumewe, na mume hakuambiwa sababu. Kopo lilipojaa alitwanga usiku, mlango umefungwa. Vikatoka vileja kumi na viwili. Tisa vilikwenda kwa majirani, kimoja kimoja, katika sahani iliyofunikwa kitambaa, kama ada inavyotaka. Vitatu vikabaki kwa watoto watano. “Nikavikata,” akaniambia, “na unajua kileja hakikatiki.”

Miaka hiyohiyo mama yangu, akiwa Muscat, alioka sinia tatu na hakuwa na jirani wa kumpelekea aliyejua ni kitu gani.

Kwa hiyo naisemea nyumba yangu ya Muscat, na ninaloamua nimelipima: ukurasa wa mapishi uwe wa Shangazi. Nyumba nyingine ziandike vyao chini yake, kwa herufi ndogo, na majarini isitajwe kabisa. Vipimo vya awali ninavyo: nusu kilo ya unga wa mchele, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari, mayai mawili, iliki kijiko kimoja cha chai. Nasema vya awali kwa kuwa Shangazi hapimi. Hutia mpaka mkono wake useme basi, na mkono huo sasa una miaka themanini na mitatu.

Naye yupo hapa, safu ya mbele, kwa safari yake ya kwanza nje ya Afrika. Mchele aliuroweka juzi, nao umekauka. Utasagwa kwa mashine, maana wenye ukumbi huu waliposikia habari ya kinu walishtuka. Baada ya chakula cha mchana atakaa jikoni, na mizani itawekwa chini ya bakuli lake ili kila anachotia kiandikwe. Watoto wote waende wakanawe mikono. Aliyeandika ule ujumbe ndiye atakayechekecha unga, mara mbili. Ameombwa, na amekubali.