Stroberi hulindwa kuanzia shambani

(Mazungumzo yetu mbele ya wenzetu wa vikundi vya kujisaidia, Kakamega)

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kutandaza nyasi katika shamba la stroberi. Hatukuja kama walimu. Tumekuja kama watu walioharibikiwa kwanza, ndipo wakajifunza.

Msimu wetu wa kwanza tulipanda bila kutandaza chochote. Mvua ndefu ikanyesha. Tulichuma matunda ya kujaza mabeseni mawili, yamelowa na yana udongo. Tukayaosha ili yapendeze, tukayafunika, tukangoja gari la kesho. Asubuhi tulipofunua, katikati kulikuwa na ukungu wa kijivu kama pamba. Na pesa za miche zilikuwa zimetoka katika mchango wa wanachama! Jameni, siku hiyo hakuna aliyetaka kumtazama mweka hazina usoni.

Kwa nini yaliharibika?

Stroberi ni maji matupu: sehemu 9 kati ya 10 ni maji, tena ngozi yake ni nyembamba sana. Hapa kwetu Kakamega mvua hufikia karibu milimita 2000 kwa mwaka. Tone likipiga udongo mtupu, hurusha matope na vijidudu vya magonjwa hadi kwenye tunda. Tunda nalo hulala chini, penye unyevu. Kwa hivyo tulipokuwa tukichuma, ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Hata kama tungekuwa na friji, tungekuwa tunahifadhi tunda ambalo limeshaanza kuoza.

Matandazo husaidia vipi?

Nyasi kavu hupokea tone la mvua, matope hayaruki. Tunda hulala mahali pakavu na safi, basi halihitaji kuoshwa. Magugu hupungua, na jua likiwaka udongo haukauki haraka, kwa hivyo matunda hayabaki madogo kwa kiu. Mtu atauliza: si tununue karatasi nyeusi ya plastiki? Hiyo huzuia magugu na udongo vizuri. Lakini tone hugonga plastiki na kuruka tena, likibeba ugonjwa kutoka tunda moja hadi lingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipima jambo hili wakaona kwamba majani makavu hupunguza kurukaruka huko kuliko plastiki. Kwa sehemu za mvua nyingi kama kwetu, hilo ni jambo kubwa.

Tutapata nyasi wapi?

Hapa ndipo tulipobishana. Mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe, na hakuna mama atakayemnyima ng'ombe ili alishe stroberi. Tukageukia majani makavu ya miwa, ambayo wengi wetu tumezoea kuyachoma baada ya kuvuna. Kumbe tulikuwa tunachoma mali! Ila yasitoke shamba lililopigwa dawa ya kuua magugu, na nyasi nyingine zisiwe na mbegu, la sivyo umejipandia magugu mwenyewe.

Namna ya kufanya:

1. Weka kwanza samadi iliyooza, palilia, kisha tandaza kabla matunda hayajaanza kuinama.
2. Unene uwe kama upana wa vidole vinne. Usichanganye majani na udongo, maana yakioza humo huvuta chakula cha mmea.
3. Acha nafasi kuzunguka moyo wa mche. Ukiufunika, utaoza.
4. Inua matandazo mara kwa mara uangalie konokono na mchwa, maana hupenda kujificha humo.
5. Tunda lililooza liondoe shambani. Usiliache juu ya nyasi.

Baada ya kuchuma

Matandazo peke yake hayatoshi. Chuma asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Kata pamoja na kikonyo na kofia yake ya kijani. Chuma lililoiva, kwa sababu stroberi haiongezi utamu ikishachumwa. Usioshe mpaka saa ya kula. Panga katika chombo kisicho na kina, safu mbili au tatu tu, uweke kivulini mara moja. Nyumbani bila baridi, tunda zuri hukaa siku moja au mbili. Penye baridi inayokaribia nyuzi 0, laweza kufika wiki. Kwa hivyo mtafute mnunuzi kabla ya kuchuma, si baada. Yaliyopondeka kidogo yapikwe jamu siku hiyo hiyo, lakini yenye ukungu yatupwe.

Msituamini tu. Jaribuni wenyewe: tuta moja mtandaze, jingine mliache wazi. Chumeni matunda 20 kila upande, siku moja, muyaweke mahali pamoja. Hesabuni mazima siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na katibu aandike kitabuni. Wenye nyanya pia wafanye hivyo, maana nyanya zinazogusa udongo huoza vilevile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa udongo mtupu, na ukuta ulikuwa mchango wa wanachama uliopotea. Sasa hatuchomi tena majani ya miwa.

Maswali ya kujadili kikundini: Ni majani gani yanapotea bure kijijini kwetu? Nani atayakusanya, na lini? Mnunuzi wetu yuko umbali gani?

Mungu abariki kazi ya mikono yetu.