Darasa la Nyumbani kwenye Mwambao wa Rumonge

Elimu ya nyumbani, kwa maana inayojulikana Marekani na Uingereza, ni utaratibu ambao mzazi hampeleki mtoto shuleni, au humtoa, akabeba mwenyewe jukumu la kumfundisha. Katika Afrika Mashariki suala hili lilizungumzwa sana mwaka 2020, wakati shule za Tanzania zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni na zile za Uganda zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Burundi haikufunga shule zake, na kwa hiyo mjadala huo uliipita kando. Hata hivyo, mtoto wa Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hufundishwa nyumbani kila siku, hasa kwa kuwa shule nyingi za msingi nchini humo, kutokana na uhaba wa madarasa, zimezoea kuendeshwa kwa zamu mbili, jambo linalomwachia mwanafunzi nusu siku mikononi mwa jamaa zake.

Mafunzo hayo hufuata kazi za mwambao. Mtoto wa miaka mitano anayekaa na mama yake karibu na vichanja vya dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, hugawa mafungu, huyahesabu na hujua mangapi yamebaki baada ya mteja kuondoka. Vilevile, kwa kuwa wavuvi huvua kwa taa katika usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapong'aa, mtoto huijua kalenda ya mwezi kabla hajaona ile ya ukutani. Jioni hufumbiwa vitendawili kwa lugha mbili: anayeanza kwa Kirundi husema "Sokwe!" akajibiwa "Niruze!", na anayeanza kwa Kiswahili huambiwa "Tega!" Mwanasaikolojia anayetafuta mazoezi ya kumbukumbu na ya kufikiri kwa mafumbo hana haja ya kuyaagiza kutoka mbali.

Kinachokosekana ni kusoma, na hapa ndipo hoja ya mhadhara huu ilipo. Kiswahili kilifika pwani hii pamoja na misafara ya biashara ya Ujiji katika karne ya 19, na hadi leo ni lugha ya soko la Rumonge na ya nyumba nyingi, ilhali shule huanza kwa Kirundi kisha huhamia Kifaransa. Kiswahili chenyewe, kilichoingizwa katika shule za msingi katika kipindi ambacho Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ni somo tu. Walioumia zaidi ni watoto wa familia zilizokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi na kurejea miongo mitatu au zaidi baadaye kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kwani walikwisha kusomeshwa kwa Kiswahili nchini Tanzania, wakakutana na Kifaransa wasichokijua hata kidogo.

Hata hivyo, nyumba inaweza kusaidia: Kirundi na Kiswahili, lugha mbili za Kibantu, huandikwa kwa silabi ambazo kwa kawaida huishia kwa irabu, yaani a, e, i, o au u, na herufi husomwa karibu kama zinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto aliyeunganisha ba, be, bi, bo, bu kwa lugha ya nyumbani amekwisha kupata ufunguo wa lugha ya darasa la kwanza. Burundi imewahi kuona mafanikio ya namna hii nje ya shule za serikali: vituo vya Yaga Mukama vya Kanisa Katoliki viliwafundisha watoto wengi kusoma Kirundi, hadi utawala wa Rais Bagaza ulipovipiga marufuku katika miaka ya 1980, uamuzi uliotokana na ugomvi wa kisiasa na Kanisa, si na udhaifu wa mafunzo. Kwa upande wa Waislamu, chuo cha Kurani kimekuwa kikiwafundisha watoto herufi za Kiarabu kabla hawajaanza shule.

Nyumba isibebeshwe kisichowezekana. Kifaransa hakitafundishwa na mzazi asiyekijua, na mama asiyejua kusoma humhitaji kaka au dada mkubwa wa mtoto. Ombi kwa walimu wa mwambao huu, basi, ni dogo: kila mtoto anayeandikishwa apewe karatasi moja ya silabi, Kirundi upande huu na Kiswahili upande wa pili, na mwenye kumsomesha nyumbani aoneshwe siku hiyo hiyo jinsi ya kuitumia.