Msomaji wa Kwanza
Mhadhara wa umma uliotolewa Mtae, katika milima ya Usambara



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mtunzi wa riwaya, yaani jinsi asomavyo, jinsi apatavyo mchapaji, na jinsi azifikiavyo nyoyo za watu asiowajua. Na kwa kuwa habari za wachapaji ndizo zinazosemwa zaidi, na aghalabu kwa manung'uniko, nitazipita upesi, nikae kwenye jambo ambalo husahauliwa, nalo ni kwamba kabla mtunzi hajawa na wasomaji elfu sharti awe na mmoja, na kwamba huyo mmoja, awe ndugu, padri au jirani, hukitengeneza kitabu kuliko matbaa yoyote.

Kulisema jambo hili hapa Mtae si kubahatisha. Milima hii iliingia katika nathari ya Kiswahili iliyopigwa chapa zamani, wakati ambapo neno riwaya lilikuwa halijazoeleka, kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani aliyekaa miongoni mwa Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, akasikiliza mambo yao, akayaandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotoka sehemu tatu katika matbaa ya misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilikitoa upya. Mnaijua hadithi yenyewe: Mbegha, mwasisi wa ukoo huo, alikuwa kigego, ameota meno ya juu kwanza, akadhulumiwa urithi na jamaa zake huko Ngulu, akaondoka na mbwa wake akiwinda nguruwe na kuwagawia watu nyama, hata akafika Vuga, akaua simba, akapewa enzi. Sasa tazameni hali ya mwandishi huyo. Habari alizipata kwa wazee, na kila Msambaa atakayesomewa kitabu aweza kunyoosha mkono akasema, sivyo, babu yangu alisema vingine. Mtunzi mwenye wasikilizaji wa namna hiyo hathubutu kupiga porojo. Na mimi nadhani ule uzito wa sentensi zake, fupi na zisizo na mapambo, aliupata kwa kuwahofu hao.

Nawageukia watu wa mkoa wetu huu wa Tanga, na kwao hakuna wa kumtanguliza mbele ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909, akafariki Juni 1962. Wengi humdhania mtu wa falsafa aliyeketi kivulini akitunga. La hasha, alikuwa karani wa serikali. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa forodhani, kisha akapelekwa Mpwapwa katika idara ya wanyama, akarejea Tanga katika ofisi ya jimbo, na kuanzia 1952 akawa katika idara ya upimaji wa ardhi. Vitabu aliviandika katika saa zilizobaki, na kusoma kwake kulikuwa kwa mtu mwenye saa chache: alisoma kwa nia ya kuchukua. Rubaiyat za Omar Khayyam alizipata kwa Kiingereza akazitia katika Kiswahili. Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, mizizi yake imo katika Alfu Lela Ulela. Na yeyote aliyepitia Safari za Gulliver, iliyopatikana kwa Kiswahili tangu miaka ya 1930, hawezi kuisoma Kusadikika asiwaze kwamba zile safari za nchi za ajabu zilimpendeza karani huyu.

Msomaji wake wa kwanza tunamjua kwa jina. Ni mdogo wake, Yusuf Ulenge, mwalimu, naye mwandishi wa hadithi, ambaye Shaaban alimwandikia barua tangu 1931 hadi 1958. Barua hizo zilihaririwa na Profesa Mulokozi, zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na nawasihi walimu mzitafute. Mtu hupata humo yale ambayo vitabu vyake haviyasemi, kwa maana katika vitabu Shaaban ni mnasihi anayejua, na katika barua ni kaka mwenye jamaa wa kulisha na kazi ya kuangalia. Tena si ajabu kwamba mtu aliyezoea kuandika kwa ndugu mmoja ndiye aliyebuni kesi ya Karama. Katika Kusadikika, kilichotolewa na Nelson mwaka 1951, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, na utetezi wake wote ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na manufaa, wakalipwa adhabu. Baraza limejaa watu, lakini Karama hautafuti umati. Analitafuta sikio la mfalme, akalipata. Nchi ya Kusadikika imewekwa angani. Ninyi mliokulia juu ya genge hili, ambalo asubuhi ukungu ukijaa bonde la Mkomazi huwa halina chini, hamna haja ya kuelezwa inafananaje.

Wachapaji wa Shaaban walitapakaa: Johannesburg kwa mashairi, London kwa hadithi, na mwishowe baadhi ya vitabu akavichapisha mwenyewe papa hapa Tanga. Kufikirika alikimaliza 1946, kikatoka 1967. Utubora Mkulima kikatoka 1968. Mtunzi alikuwa kaburini.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe yamemfika makubwa kuliko hayo. Msomaji wake wa kwanza alikuwa padri Mkanada wa White Fathers, Almas Simard, aliyemhimiza aandike desturi za Wakerewe, na kwa ushauri huo, mwaka 1945, Kitereza akawa amemaliza kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto, ambamo hata kupika pombe ya ndizi ya kumkomboa mke kwa wakwe kumeelezwa hatua kwa hatua, asibakishe chombo. Padri akafa. Muswada ukalala. Hakuna mchapaji aliyetaka kitabu kikubwa cha lugha ya kisiwa kimoja, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walipomshauri akifasiri kwa Kiswahili, naye, mzee aliyekwisha dhoofika, akakifasiri chote. Tanzania Publishing House ilikitoa kwa tarehe ya 1980, kikapigwa chapa China, na mwaka 1981 Kitereza akafariki kabla hajakishika. Watu hulitaja hilo kama mkosi wa usafirishaji. Mimi naona msiba ulikuwa mapema zaidi, siku padri alipofariki, maana tangu hapo kwa miaka mingi mzee yule hakuwa na mtu wa kumwuliza, umefika wapi?

Abdulrazak Gurnah wa Unguja ni habari nyingine, na nitaitaja tu: riwaya yake Paradise ilitoka 1994, tuzo ya Nobel akaipata 2021, na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Watu wa kwao wamekuwa wasomaji wake wa mwisho.

Hivi leo mchapishaji wetu huishi kwa kitabu cha shule. Riwaya ikiingia katika orodha ya kidato, mtunzi hula; isipoingia, nakala hukaa kwenye maboksi. Simlaumu mchapishaji, ana karani na kodi ya kulipa, lakini msomaji anayesoma ili ajibu swali la mtihani hamwambii mtunzi kitu, kwa kuwa hakuulizwa kama ameamini. Hapa vijijini, mahali ambapo kitabu kimoja husomwa kwa sauti jioni, mmoja akisoma na wengine wakimenya viazi, hapa ndipo mtunzi angesikia ukweli, kwani msikilizaji asiyeamini husema papo hapo, na mwingine humjibu, na msomaji hulazimika kurudia ukurasa.

Basi kabla sijaketi nina ombi. Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, ni karani aliyeacha mshahara mzuri wa mjini akaenda kulima Busutamu, na mwandishi wake, aliyefia mjini, anatuambia kwamba alifanikiwa na akaridhika. Wahakiki wameyajadili hayo kwa miaka zaidi ya hamsini, na wengi wao ni walimu wa vyuo. Nimekuja na nakala. Ningependa mnaopanda kabichi na viazi kwenye miteremko hii, mnaojua bei ya gunia inavyoanguka lori likichelewa Lukozi, msomeane sura za shamba, kisha mniambie kama mtu yule alikuwa mkulima kweli.