Mama Akiondoka, Nani Atabaki Naye?

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Tarawehe)



Himdi zote anastahiki Allah (S.W.T) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu vijana:

Kila mwisho wa Ramadhan, baba mwenye nyumba huhesabu vichwa kwa ajili ya zakatul-fitri. Humhesabu mtoto mchanga, humhesabu bibi kizee, na humhesabu yule kijana wa miaka 30 ambaye akili yake haikukomaa kama ya wenzake. Hamsahau, kwani anajua huyu ni Muislamu kamili. Sasa mbona siku ya Idi, wageni wakibisha hodi, kichwa kile kile kinafichwa chumba cha nyuma?

Nazungumzia ndugu zetu wenye ulemavu wa akili walio watu wazima. Wakiwa wadogo tunawaonea huruma. Wakishaota ndevu huruma hupungua, shule hakuna, na kazi yote hubaki kwa mama. Na mama naye anazeeka.

Kwanza tuelewane. Ulemavu huu si wazimu, wala si jini. Mtu huzaliwa nao au huupata utotoni. Hujifunza polepole, lakini hujifunza. Mmoja atahitaji msaada wa kuhesabu pesa tu. Mwengine atahitaji msaada wa kuoga na kula. Msaada hupimwa kwa haja ya mtu.

Hebu tumtazame Mtume (S.A.W). Katika Sahih Muslim, Anas (R.A) anasimulia juu ya mwanamke aliyekuwa na kasoro katika akili yake. Alimjia Mtume akamwambia ana haja naye. Mtume akamwita kwa heshima, mama fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ili amtimizie haja yake. Akaenda naye, akasimama naye mpaka akamaliza. Tazameni ndugu zangu: alimpa jina la heshima, alimpa uchaguzi, na alimpa wakati wake. Sisi tunawaita zuzu na punguani, tunawachaguliya kila kitu, na dakika tano za kuwasikiliza hatuna.

Pia iko aya ya 5 ya Suratun-Nisaa. Nusu ya kwanza tunaijua sana: asiyeweza kusimamia mali asikabidhiwe. Nusu ya pili tunairuka. Allah anaamrisha walishwe na wavishwe, na waambiwe maneno mema. Wako wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu mkubwa. Pesa ile imekuja kwa sababu yake. Ikiwa yeye amevaa kanzu iliyochanika na simu ya kaka ni mpya, basi tujiulize tutamjibu nini Mola.

Wako watakaosema, "Tumpeleke kwenye jumba la kulelea, tulipe, tupumzike." Sisemi ni haramu. Lakini pesa peke yake hainunui malezi mema. Kule Uingereza, karibu na mji wa Bristol, palikuwa na hospitali ya kibinafsi iliyoitwa Winterbourne View, ya watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Ada yake ilikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja. Mwaka 2011, mwandishi wa BBC aliyejifanya mfanyakazi alirekodi kwa siri wagonjwa wakipigwa, wakiburutwa na wakidhihakiwa. Hospitali ilifungwa mwaka huo huo. Mwaka 2012 wafanyakazi 11 walihukumiwa, na sita kati yao wakafungwa jela. Kinachouma zaidi, muuguzi mmoja alikuwa ameshalalamika mapema, na waliopaswa kumsikiza hawakufanya lolote.

Somo ni hili: palipo na mlango uliofungwa, na mtu asiyeweza kujisemea, na jamaa wasiokuja kutazama, dhulma huingia. Iwe ni hospitali ya Ulaya au chumba cha nyuma hapa mtaani kwetu.

Basi tutajuaje analelewa vyema? Ulizeni: Anachagua nguo yake na chakula chake? Anaoga na kubadilisha nguo kwa sitara? Akiumwa anapelekwa kwa daktari, au tunasema "ndivyo alivyo"? Ana kazi ya kufanya, hata kufagia ua au kuuza maji dukani? Ana rafiki asiyekuwa wa nyumba ile? Akimwona mlezi wake anachangamka, au anajikunyata?

Haya si fadhila tu. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa majina ya kudhalilisha. Na mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 19 kinasema ana haki ya kuishi katika jamii na kusaidiwa humo.

Nawausia mambo matatu kabla Ramadhan haijaisha. La kwanza, kaeni kikao cha familia mama angali hai. Asitajwe mrithi wa nyumba tu. Atajwe na mlezi, tena wawe wawili au watatu. La pili, mama aulizwe na iandikwe kwenye daftari: dawa zake, chakula anachopenda, kinachomtisha, wimbo unaomtuliza. Mama akifa na elimu hiyo kichwani, huzikwa nayo. La tatu, sisi vijana tushike zamu. Aje mmoja amchukue msikitini, mwengine atembee naye alasiri ili mama apate kulala kidogo. Na anayeweza kufunga na anapenda kufunga, aamshwe daku pamoja na wengine.

Wanavyuoni wametufundisha kwamba asiye na akili timamu kalamu imeinuliwa juu yake. Juu yetu sisi, ndugu zangu, haijainuliwa. Inaandika.

Allah atujaalie tuwe walinzi wema wa amana zake, awape subira na afya mama zetu wanaolea, na azikubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.